Picha niliyompiga jirani yangu



Katika mkutano wetu wa Alhamisi iliyopita, mama mmoja aliuliza ulizo: "Mbona vyama vingine vinatuma picha za wajane na yatima kwa simu, watu wa Ulaya na Marekani wanatuma makuta, na sisi tunabaki na likelemba yetu ya franka 1.000?" Wengine walicheka, wengine walipiga mikono. Mimi nilinyamaza. Tulipotoka, mama mwenyekiti alinishika mkono akaniambia: "Wewe ulishafanya jambo hilo. Uandike, watu wajue." Basi naandika. Kuna sehemu ya habari hii inayonipa haya mpaka leo, lakini nisipoiandika itakuwa sijajibu lile ulizo.

Jirani yangu alifika hapa Ntoto mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, siku zile Masisi-kati ilipochukuliwa na watu wakawa wanakimbia kila upande. Alikuja usiku na watoto watano, sufuria moja, beseni na kitenge alichomfungia mtoto mdogo mgongoni. Mume wake alikwisha kufa, udongo ulimwangukia ndani ya shimo la kuchimba mawe. Alisimama mlangoni kwangu akasema tu, "Hodi, Yaya, tunyeshewe hapa barazani mpaka asubuhi." Niliwafungulia jiko langu la nje, wakalala humo. Asubuhi mvua haikukatika, na siku zikawa miezi.

Sisi wa Ntoto si wageni wa mambo haya. Wenye umri wangu tunakumbuka Machi 1993, vita ilipoanza hapa hapa sokoni kwetu ikaenea Masisi na Walikale. Wakati ule hakuna aliyekuwa na simu. Aliyekimbia alipokelewa na mtu mwenye chungu kidogo, wakakigawanya. Mama yangu alikuwa anaongeza maji kwenye sombe ili itoshe. Watu wanasema msaada unatoka kwa mashirika, na kweli unatoka, lakini jamaa ya kwanza kusaidia ni ile yenye mlango karibu. Shida ni kwamba jamaa hiyo pia inachoka. Mwezi wa tatu shamba langu la muhogo lilikuwa linalisha watu kumi na mmoja. Jirani alikuwa analima kwa watu, analipwa franka 2.000 kwa siku, siku nyingine analipwa kwa bakuli la unga. Watoto wakubwa walikuwa wanabeba mizigo sokoni.

Mwezi wa nne mtoto wake mdogo akashikwa na malaria kali. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya, wakamtibu, wakatuandikia deni. Hapo ndipo nilipopanda mlimani, mahali rezo inaposhika, nikampigia mtoto wa dada yangu. Yeye anaishi Louisville, Kentucky, huko Marekani, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala kubwa. Nilimweleza. Akaniambia: "Mama mdogo, nitafungua mchango kwenye intaneti. Lakini nitumie picha. Hapa watu hawatoi kama hawaoni."

Nilishuka nikiwa na furaha. Nilimkuta jirani amekaa chini nyuma ya jiko, anachambua majani, kitenge kimepasuka begani. Mtoto mgonjwa alikuwa amelala uchi kwenye kipande cha mkeka, mbavu zinahesabika. Nilitoa simu nikasema, "Nakupiga picha, nimtumie binti yangu." Alisema, "Sawa, Yaya." Nilipiga tatu. Nikachagua ile iliyoonyesha taabu zaidi. Hilo nalisema wazi: nilichagua. Kulikuwa na picha nyingine ambayo alikuwa ameinua uso na kujifunika kitenge vizuri. Hiyo sikuituma.

Makuta yalikuja kweli. Katika majuma matatu watu 41 walitoa dola 640. Wengine walikuwa Wakongo wa kanisa la binti yangu, wengine Wamarekani anaofanya kazi nao, na watu ambao hata yeye hawajui. Nilipoambiwa hesabu hiyo nililia pale mlimani.

Sasa niwaeleze namna makuta hayo yanavyosafiri, kwa sababu wengi tunafikiri mtu akibonyeza kule, huku inadondoka. Ile tovuti aliyotumia, GoFundMe, ilianzishwa Marekani mwaka 2010, na mtu aliye Kongo hawezi kuifungulia mchango na kupokea yeye mwenyewe. Lazima awepo mtu katika nchi inayokubaliwa, apokee kwa jina lake na kwa benki yake, halafu atume. Maana yake kila kitu kinapita mikononi mwa mtu mmoja, na unabaki kumwamini. Halafu kuna makato. Huko Marekani kila zawadi inakatwa asilimia 2,9 na senti 30 juu yake. Inaonekana ndogo, lakini fanyeni hesabu kama tunavyofanya kwenye likelemba. Watu kumi wakitoa dola 5 kila mmoja, zinakatwa karibu dola 4 na nusu. Watu hao wakikusanya kwanza, mmoja akatoa dola 50 kwa mara moja, inakatwa dola 1 na senti 75. Ninyi wenye watoto nje, waambieni hivyo.

Katika dola 640, karibu 31 zilibaki kwenye tovuti. Kampuni ya kutuma makuta ilichukua 12. Zikaja kwenye simu yangu mara tatu. Na kwenye simu makuta bado si makuta, lazima upate mtu wa kukutolea. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: Goma ilipochukuliwa mwisho wa mwezi wa kwanza, benki zilifungwa, noti zikawa adimu, na wenye kabini wakawa hawana cha kutoa. Wengine walidai asilimia yao wenyewe juu ya ile ya kawaida, na ukikataa wanakuambia urudi juma lijalo. Dola iliyochanika kidogo pembeni hakuna anayeipokea. Nilizunguka, mara nyingine kwa miguu siku nzima. Mwishowe tulipata mkononi dola 560.

Tuliyahesabu mezani mbele ya wamama wawili wa chama, na jirani mwenyewe alikuwepo. Tuliandika kwenye daftari: deni la kituo cha afya 45, chakula na mablanketi 70, mabati kumi na tano 150, kukodi shamba kwa msimu mmoja 40, majembe matatu na mbegu za maharagi 65, mtaji wa kuuza mawese 100, minervali, sare na madaftari 90. Jumla 560. Shule ya msingi ya serikali hailipwi tangu mwaka 2019, lakini kijana wake mkubwa, wa miaka 15, alikuwa wa sekondari, na huko bado unalipa.

Mwezi wa sita jirani alihamia nyumba yake, ya miti na udongo, na mabati juu. Mwezi wa saba alikuwa na mitungi ya mawese pembeni ya soko. Mwezi wa tisa alipanda maharagi, na kijana akarudi masomoni. Nilikuwa napita pale na kusema moyoni: hii kazi ni yangu. Kama habari ingeishia hapo, Alhamisi iliyopita ningesimama na kupiga mikono pamoja na wale waliopiga.

Mwezi wa kumi kijana alirudi kutoka masomoni hakula. Siku ya pili pia. Siku ya tatu alikuja kwangu, akasimama nje, hakuingia. Akanionyesha simu ya rafiki yake. Ilikuwa ile picha: mama yake chini, kitenge kimepasuka, mdogo wake uchi. Lakini maneno ya chini hayakuwa ya binti yangu tena. Yaliandikwa kwamba mama huyo amerukwa na akili kwa sababu ya njaa, kwamba watoto wawili wamekwisha kufa, na kwamba mwenye huruma atume makuta kwenye namba fulani. Namba hiyo haikuwa yangu wala ya mtu tunayemjua. Picha ilikuwa imechukuliwa na mwizi, imepita kikundi kwa kikundi mpaka ikafika kwenye simu za watoto anaosoma nao. Walikuwa wanamwita "mtoto wa kichaa".

Alisema maneno mawili tu: "Mama, ulituuza." Kisha akaondoka.

Nitawaambia ukweli: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa hasira. Nilisema, sare unayovaa imetoka wapi? Mabati unayolala chini yake yametoka wapi? Namshukuru Mungu sikumwambia kwa sauti. Jioni nilikwenda kwa mama yake nikitegemea atanitetea. Nilimkuta anapima mawese. Hakuniinulia macho. Nilisema, "Mdogo wangu, mwizi ndiye aliyefanya ubaya, si mimi. Na wewe nilikuuliza, ukasema sawa."

Aliweka chupa chini. Akasema: "Yaya, ulisema unamtumia binti yako. Hukusema unaniweka mbele ya watu wote. Na hata kama ungesema, ningekukatalia namna gani? Nilikuwa ninalala ndani ya jiko lako. Watoto wangu walikuwa wanakula muhogo wako. Mtu wa hivyo anasema sawa kwa kila kitu."

Sikupata jibu. Akaendelea, polepole: "Usiku ule nilipobisha hodi, hukutaka kwanza uone mbavu za mtoto wangu. Ulifungua. Kwa nini wale wa mbali walipaswa kumwona uchi ndipo watoe?"

Nilirudi nyumbani bila kuaga vizuri. Majuma matatu tulikuwa tunapishana njiani kwa "jambo" ya mdomoni tu. Siku moja alimtuma binti yake na dola 20 ndani ya karatasi. Mtoto akasema, "Mama anasema ataleta kila mwezi mpaka zifike 560." Nilirudisha makuta hayo usiku huo huo, na hapo ndipo nilipoomba msamaha. Sikusema "lakini". Nilimwambia nilichagua picha ya aibu nikaacha ile nzuri, na kwamba hilo hakuna mwizi aliyenifundisha.

Binti yangu aliondoa picha kwenye ukurasa siku ile ile nilipomweleza, naye aliumia sana. Tuliandika kwenye vikundi vya WhatsApp vyote tulivyoweza kufikia kwamba ile namba ni ya wizi. Vingine viliifuta, vingine havikujibu. Picha ikishatoka haiitwi ikarudi. Huenda iko bado kwenye simu za watu. Kijana alimaliza muhula akiwa wa nne darasani, lakini anapita njia ya nyuma kwenda masomoni.

Sisemi michango ya namna hii ni mibaya. Ningekuwa mwongo, maana mtoto yule angeweza kufa na hakufa. Wenzetu wa Kenya mwaka 2011, ukame ulipopiga Turkana na kaskazini, walifanya mchango walioupa jina la Kenyans for Kenya. Walitaka shilingi milioni 500 na walizipita, na wengi walitoa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Hiyo ni likelemba ya nchi nzima. Kidogo cha watu wengi ni nguvu, sisi wamama tunalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Lakini makuta yanayopita kwa simu yanavuta pia wenye mikono mirefu, na si wezi wa picha peke yao. Karibu nasi, Kivu ya Kusini, shirika la GiveDirectly linalotuma makuta moja kwa moja kwa jamaa maskini liliibiwa mwaka 2022 zaidi ya dola 900.000, na baadhi ya wafanyakazi wake wenyewe walikuwa ndani ya wizi huo. Shirika lenyewe ndilo lililotangaza habari hiyo mwaka uliofuata. Kama shirika kubwa lenye wakaguzi linaweza kuibiwa namna hiyo, chama chetu chenye daftari moja kisifikiri kiko salama. Nami nilikosea hapo pia: makuta yote yalipita kwenye simu yangu. Sikula hata franka, na wale wamama wawili ni mashahidi. Lakini jirani angejuaje, kama nisingekuwa mtu wa kweli? Alikuwa ananitegemea kwa nyumba, kwa chakula, na sasa hata kwa makuta yaliyotolewa kwa jina lake.

Mwezi wa kumi na moja tulijaribu tena, kwa ajili ya bibi mmoja anayelea wajukuu wanne. Safari hii tulifanya kwa namna nyingine. Tulikwenda watatu nyumbani kwake, tukamweleza kila kitu: nani ataona, nani atapokea, kitakatwa nini, na kwamba picha ikitoka hairudi. Hatukukubali jibu siku ile. Tulimwambia afikiri siku tatu, na kwamba hata akikataa, fungu lake la unga kutoka kwa chama liko pale pale. Alikubali mchango, akakataa uso wake. Tulipiga picha ya paa linalovuja na ya mikono yake ikishika jembe. Jina la kijiji hatukuandika. Laini ya simu tuliandikisha kwa jina lake mwenyewe, na mjukuu wake mkubwa ndiye anayejua namba ya siri pamoja naye.

Tulipata dola 230 kutoka kwa watu 14. Sitawaficha: ni kidogo kuliko zile 640, na zilichelewa. Picha ya mtoto uchi inaleta makuta mengi kuliko picha ya paa. Mkutano ukiamua juu ya jambo hili, uamue ukijua hivyo, usifikiri kwamba heshima haina gharama. Bibi alipata mabati na mbuzi mmoja. Na anapita sokoni kichwa juu, hakuna anayejua ni yeye, isipokuwa sisi tuliomtembelea.

Kwa hiyo, mama uliyeuliza, ninajibu hivi. Tufanye, lakini tusimwombe ruhusa mtu anayelala kwetu kana kwamba anaweza kukataa. Tumwulize nyumbani kwake au mbele ya mtu wake, tumpe siku za kufikiri, na msaada wa chama usitegemee jibu lake. Mtoto aliyefikia umri wa kuelewa aulizwe naye, kwa sababu uso ni wake na masomo ni yake. Makuta yapite kwenye simu ya mwenyewe, mashahidi wawe wawili, na daftari lisomwe. Na waliotoa waandikiwe kilichofanyika, kwa maneno ya aliyepokea, si yetu.

Hilo la mwisho ni jirani aliyelidai. Aliniambia, "Wale watu 41 waliniona mara moja tu, chini. Nataka wanisikie." Akasema, nami nikaandika, binti yangu akawatumia. Aliwashukuru, akawaambia bei ya maharagi, akawaambia ni mkulima, mwana wa mkulima, na kwamba anayeuza mawese mazuri pembeni ya soko ni yeye. Watatu walijibu. Mmoja aliuliza namna ya kupika maharagi na mawese.

Juma lililopita alivuna. Aliniletea kikapu, nikakipokea kama mtu anavyopokea zawadi ya mdogo wake, bila kukumbushana deni. Ameomba kuingia likelemba yetu kuanzia mwezi ujao. Kijana wake bado hajaingia ndani kwangu, lakini juzi alinipa jambo akiwa amesimama, si akipita.

Kabla sijaleta karatasi hizi kwa mama mwandishi wetu, nilimsomea jirani zote, toka mwanzo mpaka mwisho, na kijana alikuwa mlangoni anasikiliza. Waliniambia nitoe mambo mawili. Nimeyatoa.

Tuonane Alhamisi. Mama uliyeuliza, usikose.